Maji magumu ya Dodoma: gharama isiyoandikwa kwenye bili

Mtu anayehamia Dodoma akitokea Mwanza au Morogoro hahitaji kuambiwa. Siku ya kwanza anaoga, sabuni inakataa povu, na akijifuta ngozi inakakamaa kama iliyopakwa majivu. Wiki ya pili anachungulia ndani ya jagi la umeme anakuta ukoko mweupe umeshika chini. Shati jeupe alilolianika limekauka likawa gumu, unaweza kulisimamisha. Baada ya mwezi naye anaanza kusema kama wenyeji: maji ya huku yana chumvi.

Kila tunapofungua simu kuzungumzia huduma ya maji, malalamiko huwa ya aina mbili. La kwanza ni mgawo: maji yanatoka siku gani na saa ngapi. Hilo linajadiliwa bungeni, kwenye vikao vya madiwani na hata kwenye daladala. La pili ni hili la ukoko, sabuni na hita zinazoungua, na mara nyingi linaishia kwenye utani. Tumeona tulichukue kwa uzito wake, kwa sababu ni pesa inayotoka mifukoni mwa watu kila wiki bila kuonekana kwenye bili yoyote.

Tuanze na jina

Neno "chumvi" linatupoteza. Chumvi tunayoweka kwenye mboga ni sodiamu na kloridi. Maji yanaweza kuwa na chumvi hiyo nyingi yasiache ukoko wa aina hii kwenye jagi. Kinachoacha ukoko ni madini mawili mengine, kalisiamu na magnesiamu, ambayo maji huyabeba yakipita kwenye udongo na miamba. Maji yenye madini hayo kwa wingi ndiyo tuliyofundishwa shuleni kuyaita maji magumu. Yale yenye madini machache, kama ya mvua, ni maji laini.

Kuna maji magumu yasiyo na ladha ya chumvi hata kidogo, na kuna maji ya chumvi yasiyo magumu sana. Visima vingi vya ukanda wetu vina vyote viwili kwa viwango tofauti, ndiyo maana majina yamechanganyika. Lakini dawa ya kimoja si dawa ya kingine, na anayenunua mtambo wa kuondoa "chumvi" bila kujua anapambana na nini anaweza kutupa pesa yake.

Ugumu hupimwa kwa miligramu za kalisiamu kaboneti kwa lita moja. Chini ya 60 maji ni laini, kati ya 121 na 180 yanaitwa magumu, na yakizidi 180 yanaitwa magumu sana. Kiwango cha Afrika Mashariki cha maji ya kunywa, EAS 12, kinaweka kikomo cha 300 kwa maji yaliyotibiwa na 600 kwa maji ya asili. Tusome namba hizo pamoja. Maji yanaweza kuwa "magumu sana" kwa lugha ya mafundi na bado yakawa halali kabisa kwa lugha ya kiwango. Mamlaka ya maji ikisema maji ni salama na yamekidhi viwango, inasema kweli. Mama anayesema maji haya yanamlia sabuni naye anasema kweli. Hawabishani, kila mmoja anazungumzia jambo lake.

Yanakotoka

Sehemu kubwa ya maji yanayosambazwa na DUWASA jijini hutoka chini ya ardhi, kwenye visima vya Mzakwe katika bonde la Makutupora, kaskazini mwa jiji. Hakuna mto mkubwa wa kudumu karibu nasi. Kuna vijito vya msimu kama Kinyasungwe Ndogo, ambavyo hujaa masika vikakauka kiangazi, na sehemu ya maji yake huzama ardhini na kulisha bonde lile.

Bonde hilo lina sifa moja inayolifanya lijulikane na wanasayansi wa nje kuliko wakazi wa jiji lenyewe. Vipimo vya kina cha maji yake vimekuwa vikiandikwa tangu katikati ya miaka ya 1950, jambo la nadra katika Afrika. Mwaka 2013 watafiti walichapisha uchambuzi wa miaka 55 ya vipimo hivyo, na waligundua kwamba bonde halijazwi kidogo kidogo kila mwaka. Hujazwa kwa mikupuo, pale inapokuja mvua kubwa isiyo ya kawaida. Msimu mmoja tu, ule wa El Niño ya 1997 na 1998, ulichangia karibu moja ya tano ya maji yote yaliyoingia bondeni katika miaka hiyo yote.

Maana yake kwa anayefua nguo ni kwamba maji tunayotumia leo yamekaa ardhini kwa muda mrefu, na kadiri maji yanavyokaa na mwamba ndivyo yanavyozidi kubeba madini. Ongeza na hali ya hewa yetu: jua kali, mvua kidogo, maji ya juu hukauka yakiacha chokaa udongoni, na mvua inayofuata hushuka nayo. Hakuna aliyekosea mahali. Maji yamefanya kazi yake kama yanavyoifanya popote penye nchi kame na visima virefu.

Kilichobadilika ni idadi ya watu. TANU ilipoamua mwaka 1973 kuhamishia makao makuu hapa, Dodoma ilikuwa mji mdogo wa reli, zabibu na ofisi za mkoa. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika eneo la manispaa. Sensa ya 2022, miaka sita baada ya serikali kuanza kuhamia kwa kishindo na miaka minne baada ya kutangazwa jiji, ilihesabu 765,179. Na sehemu kubwa ya hao wapya wanakaa kwenye nyumba zenye mabomba ya ndani, hita za umeme na mashine za kufulia. Bibi wa Ipagala aliyekuwa akioga kwa ndoo na kopo mwaka 1985 alikuwa na maji magumu yaleyale, ila hakuwa na hita ya kuungua.

Hesabu ya sabuni

Sabuni ya mche inapokutana na kalisiamu haisafishi. Inaungana nayo na kuwa ule utando wa kijivu unaoelea kwenye beseni na kugandia kwenye nguo. Mpaka kalisiamu yote iliyomo kwenye maji ishibe sabuni, povu halitoki. Kwa hiyo sabuni ya kwanza unayotia haifui nguo, inafua maji.

Ni kiasi gani? Tuchukue maji yenye ugumu wa 300 kwa mfano tu, bila kusema kwamba ndiyo namba ya mtaa wako. Kemia inatuambia kila lita ya maji hayo inameza karibu gramu 1.8 za sabuni kabla povu halijaanza. Ndoo ya lita 20 inameza gramu 36. Familia inayosabunisha ndoo nne tu kwa wiki inapoteza zaidi ya gramu 140 kila wiki, ambazo kwa mwaka zinapita kilo saba. Hiyo ni sabuni iliyonunuliwa dukani kwa Mangi, ikabebwa nyumbani, ikaishia mferejini bila kuondoa hata doa moja.

Sabuni ya unga haiathiriki kiasi hicho, kwa sababu imetengenezwa kwa namna nyingine na huwa imechanganywa na viungo vya kushika kalisiamu. Ndiyo maana wengi hapa wamehamia kwenye unga bila mtu kuwaambia sababu. Lakini anayenunua sabuni ya vipande kwa kukatiwa, kwa sababu siku hiyo ana mia tano tu mfukoni, ndiye anayepoteza zaidi. Tungependa wanaozungumzia gharama za maji walione hili: maji magumu yanamtoza mwenye kipato kidogo kwa ndoo, wakati tajiri anatozwa kwa vifaa.

Na vifaa ni habari ndefu. Maji magumu yakipashwa moto, sehemu ya madini hushindwa kubaki ndani ya maji na kuganda kama chokaa kwenye kitu chenye joto zaidi, yaani koili ya hita au chini ya jagi. Familia inayochemsha lita kumi kwa siku kwa maji ya mfano wetu inapitisha gramu tatu za madini kila siku. Hata ikiganda nusu tu, kwa mwaka ni zaidi ya nusu kilo ya chokaa, imekwama mahali fulani ndani ya nyumba.

Chokaa hiyo ni blanketi. Koili inawaka, joto halitoki, koili inazidi kupata moto mpaka inaungua. Wakati huo umeme umeshatumika zaidi kwa ndoo ileile ya maji. Kwenye shawa ya umeme matundu yanaziba moja moja, mpaka maji yanatoka upande kama mkojo wa mbuzi. Boya la tangi la choo linakwama, maji yanavuja usiku kucha na mita inasoma. Pasi ya mvuke inatema vipande vyeupe kwenye suti ya mtu anayewahi kikao Mtumba.

Kwenye mabomba ya maji baridi mambo ni nafuu. Huko chokaa huganda polepole sana, na tabaka jembamba lake hata husaidia kulinda bomba la chuma lisiliwe na kutu. Si kila kitu cha maji magumu ni hasara.

Hita ikiungua, nani analipa?

Hapa ndipo tunapopata simu kali kuliko zote. Jiji hili ni la wapangaji: watumishi waliohamishwa, wanafunzi wa vyuo, wafanyabiashara waliofuata watumishi. Nyumba imetangazwa kuwa ina "maji ya moto". Mpangaji anakaa miezi minane, hita inakufa. Mwenye nyumba anasema wewe ndiye umeitumia. Mpangaji anasema niliikuta imechoka. Fundi anaifungua, anatoa koili iliyovaa chokaa kama muhogo uliopakwa unga, na wote wawili wanaona kwamba haikuharibika kwa siku moja.

Kwa maoni yetu, hita katika mji wenye maji ya aina hii ni kama tairi la gari: inaisha kwa kutumika, na mkataba wa pango unapaswa kusema hivyo. Sentensi moja inatosha, kwamba hita itafunguliwa na kusafishwa kila baada ya miezi fulani, na nani atalipa fundi. Mikataba mingi tunayoletewa kusoma inataja rangi ya ukuta na idadi ya funguo, hita haimo.

Wajenzi nao wana sehemu yao. Fundi anayeweka hita mahali isipofikika bila kuvunja dari amemwekea mwenye nyumba gharama ya baadaye. Na kuna jambo dogo lisilogharimu kitu: kishikizo cha joto. Hita nyingi zinafungwa zikiwa zimewekwa juu kabisa. Chokaa huganda kwa kasi zaidi joto linapopita nyuzi 60, na hakuna mtu anayeoga maji ya nyuzi 75. Ukishusha hadi 60 unapunguza ukoko na umeme kwa pamoja.

Hofu ya mawe kwenye figo

Hili ndilo swali linaloulizwa kwa sauti ya chini. "Ule ukoko uliopo kwenye jagi, si ndio unaoganda kwenye figo?" Ni swali la haki, kwa sababu jicho linaona chokaa na akili inamaliza safari.

Lakini mwili si jagi. Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo cha kiafya cha ugumu wa maji, kwa sababu halijapata ushahidi wa kutosha kwamba ugumu wenyewe unadhuru. Kalisiamu na magnesiamu ni madini ambayo mwili unayahitaji, na kwa watu wasiokunywa maziwa sana maji ni mojawapo ya njia za kuyapata. Mawe kwenye figo yana sababu nyingi: urithi, chakula, magonjwa mengine, na kubwa kuliko zote, kutokunywa maji ya kutosha, hasa kwenye joto na hewa kavu. Yaani Dodoma.

Hofu inaweza kuleta kile kile kinachoogopwa. Mtu anayachukia maji ya bomba kwa ladha, hana pesa ya maji ya chupa kila siku, basi anakunywa kikombe kimoja asubuhi na soda mchana. Huyo anaiweka figo yake pabaya kuliko anayekunywa lita mbili za maji magumu. Mwenye historia ya mawe kwenye figo afuate maelekezo ya daktari wake. Wengine wote, maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa yanatosha. Chembe nyeupe zinazotua chini ya sufuria baada ya kuchemsha ni yale yale madini yaliyojitenga. Yaache yatue, mimina ya juu.

Ngozi ni suala jingine. Mabaki ya sabuni iliyogandana na kalisiamu hubaki mwilini na huweza kuwasha, hasa kwa watoto wenye ukurutu. Hata hivyo, Uingereza walijaribu kufunga mitambo ya kulainisha maji kwenye nyumba za watoto wenye ukurutu, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 hayakuonyesha nafuu ya ziada iliyopimika. Kusuuza mwili vizuri na kupaka mafuta mara tu baada ya kuoga kunasaidia zaidi ya mtambo.

Na tusidhani kila maji laini ni bora. Ndugu zetu wa Arusha na maeneo ya kuzunguka Meru wana maji ambayo kwa sabuni ni mazuri kabisa, lakini mengine yana floraidi nyingi inayochafua meno na kupinda mifupa ya watoto. Si bahati mbaya kwamba mambo haya mawili huenda pamoja: kalisiamu ikiwa nyingi kwenye maji huizuia floraidi kuongezeka, ikiwa chache floraidi hupata nafasi. Serikali ina kituo cha utafiti Ngurdoto kinachoshughulikia kuiondoa floraidi hiyo kwa mkaa wa mifupa. Ukoko wa jagi unaonekana kwa macho. Floraidi haionekani, haina ladha, na kuchemsha hakuiondoi. Hata naitreti, ambayo huingia kwenye visima vifupi vya mijini kutoka vyooni, haiondoki kwa kuchemsha. Aliyechimba kisima chake uani akahamaki kwa sababu ya ukoko, apime na hivi vingine kwanza.

Onyesho la vyuma viwili

Penye kero pana biashara. Likifika mlangoni kwako onyesho la kifaa chenye vyuma viwili vinavyotumbukizwa kwenye glasi ya maji ya bomba na kuwashwa umeme, jua unachokiona. Maji yanageuka kahawia, yanatoa matope, mama wa nyumba anashika mdomo. Kisha kifaa kinatiwa kwenye maji ya mtambo unaouzwa, yanabaki meupe. Hitimisho: umekuwa ukinywa uchafu.

Hapana. Kimojawapo cha vyuma vile kinayeyuka. Maji yenye madini hupitisha umeme vizuri, umeme unakula chuma, na kutu ndiyo ile rangi ya kahawia. Maji yaliyoondolewa madini hayapitishi umeme sana, kwa hiyo chuma hakiliwi. Maji ya chupa yenye madini nayo yatageuka kahawia. Onyesho halipimi usalama wa maji hata chembe.

Hatusemi mitambo yote ni ulaghai. Ile ya kulainisha kwa kubadilishana madini, inayotumia chumvi ya kawaida kujisafisha, inafanya kazi kweli na ina maana kwa hoteli, dobi, saluni kubwa au hospitali. Ile ambayo mafundi huiita RO, inayosukuma maji kwa shinikizo kupitia utando mwembamba, nayo inaondoa karibu kila kitu, lakini inamwaga sehemu kubwa ya maji ili ipate kidogo. Katika jiji la mgawo, kumwaga ndoo mbili upate moja ni jambo la kufikiria mara mbili. Angalau yale yanayomwagwa yakingwe kwa ajili ya kusafishia choo. Vile visumaku vinavyofungwa juu ya bomba, ushahidi wake ni mdogo mno kwa bei yake.

Kilichopo jikoni

Kabla ya mtambo, pima mwenyewe. Chukua chupa mbili za plastiki, moja maji ya bomba, nyingine ya mvua au ya chupa. Tia vipande vya sabuni ya mche vilivyolingana, tikisa kwa kuhesabu hadi thelathini. Tofauti ya povu itakuambia zaidi ya maneno yetu. Anayetaka namba halisi aulize mamlaka ya maji au maabara ya ubora wa maji ya wizara, awape sampuli.

Wagogo na majirani zao wana jibu la zamani, ila wengi hawajui kwamba ni jibu la tatizo hili. Ni magadi. Tunayatia kwenye mlenda, tunayatia kwenye maharage yaliyogoma kuiva. Maharage hugoma kwa sababu kalisiamu inakaza ganda lake. Magadi yanaishika kalisiamu na ganda linalegea. Kwenye kufua ni vilevile. Ndoo ya lita 20 ya maji ya mfano wetu inahitaji kijiko kidogo kimoja au viwili vya magadi yaliyosagwa. Koroga, acha yatulie mpaka weupe utue chini, mimina ya juu kwenye beseni, ndipo utie sabuni. Sabuni itapungua kwa kiasi utakachokishangaa. Usifanye hivyo kwa sufi, hariri au kanga zenye rangi kali, na maji hayo si ya kunywa. Kwenye maharage nako tumia kidogo, kwa sababu magadi yakizidi yanaharibu ladha na kuua baadhi ya vitamini, na mwenye shinikizo la damu anapaswa kuyaogopa kwa ile sodiamu yake.

Ukoko wa jagi unaondoka kwa kitu chochote kichachu. Siki inafaa, ndimu inafaa, na ukwaju, ambao hapa hauna shida, unafaa pia: chemsha maji yenye ukwaju mzito, acha saa moja, suuza. Kichwa cha shawa kifungue ukilaze usiku kwenye siki. Usikwangue koili kwa kisu.

Kisha kuna mvua. Dodoma hupata wastani wa milimita 570 hivi kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Inaonekana kidogo, lakini bati la mita za mraba 60, nyumba ya kawaida tu, linapokea lita 34,000 kwa msimu. Ukitoa zinazopotea, unaweza kukinga 27,000 za maji laini kabisa, bure. Tatizo ni pa kuyaweka, maana tangi la lita 5,000 linajaa kwa mvua chache na kiangazi ni miezi saba. Hata hivyo huyahitaji kwa kila kitu. Ukiyatenga kwa kufulia nguo nyeupe, kuoshea nywele na kupikia maharage, tangi hilo linakwenda mbali. Mvua ya kwanza ya msimu iache ioshe vumbi la bati.

Maji yajayo

Serikali imekuwa ikizungumzia vyanzo viwili vikubwa vipya kwa ajili ya jiji: bwawa la Farkwa wilayani Chemba, na kuleta maji ya Ziwa Victoria. Wakati huo visima vingine vimechimbwa, vikiwemo vya Nzuguni. Mjadala wote, kwa haki kabisa, ni wa lita: tunazo ngapi, tunahitaji ngapi. Aina ya maji hutajwa mara chache, na hapo ndipo tunaona pengo.

Kisima kipya katika ukanda huu kina uwezekano mkubwa wa kutoa maji magumu kama ndugu zake. Ziwa Victoria ni kinyume: maji yake ni laini sana, kama wanavyojua wakazi wa Shinyanga na Kahama wanaoyatumia kwa miaka mingi sasa. Bwawa la maji ya mvua nalo kwa kawaida hutoa maji laini kuliko kisima. Lakini maji ya ziwa na ya bwawa yanahitaji mtambo wa kuondoa tope na vijidudu, na ya ziwa yanahitaji kusukumwa mamia ya kilomita. Gharama hiyo mwishowe huonekana kwenye bei ya uniti ambayo EWURA huipitisha. Ili tujue kama inafaa, upande wa pili wa mizani lazima uwe na namba: sabuni, umeme, hita na maji ya kununua vinavyozigharimu kaya zaidi ya laki mbili za jiji hili kwa mwaka. Bila hesabu hiyo, maji ya visima yataendelea kuonekana nafuu kwenye karatasi.

Namba ya ugumu kwa kila kanda ya usambazaji ingeweza kuchapwa pembeni ya bili ya mwezi. Ni tarakimu tatu. Mwenye hoteli angejua mtambo wa ukubwa gani wa kununua, fundi angejua kila baada ya muda gani afungue hita, na muuzaji wa onyesho la vyuma viwili angekosa hadithi.

Na yakija hayo maji laini, yatachanganywa na ya Mzakwe kwa viwango vinavyobadilika kwa msimu, ndani ya mabomba yenye chokaa ya miaka mingi. Maji laini hupenda kuilegeza chokaa hiyo na kugusa chuma kilichokuwa kimejificha nyuma yake. Miji mingine iliyobadili chanzo ghafla iliona maji yenye rangi kwa miezi. Kuna njia za kurekebisha maji kabla hayajaingia kwenye mtandao, na wahandisi wetu wanazijua. Tutawauliza, bomba la kwanza likilazwa, ni njia gani kati ya hizo imewekwa kwenye bajeti.